Madaftari Mawili Katika Mkono Mmoja

Kuna rai iliyoenea siku hizi katika afisi za kaunti, katika vyama vya ushirika, katika mashirika yanayochimba visima na kujenga zahanati, na hata katika shule zetu, nayo ni hii: kwamba daftari la mahudhurio, linaloonyesha mfanyakazi alifika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, likiunganishwa na taarifa ya maendeleo ya kazi, inayoonyesha mradi umefika wapi, mwajiri atapata ukweli wote bila kupunguziwa wala kutiwa chumvi, na kwamba, maadamu simu ya mkononi sasa yaweza kuyafanya yote mawili kwa kubonyeza mara moja, mwenye kusita ama ni mvivu anayeogopa kuonekana, ama ni mzee aliyepitwa na wakati. Nimeisikia rai hii Nakuru mjini, nimeisikia Molo, na nimeisikia hapa Olenguruone, juu ya milima ya Mau, ambako ukungu aghalabu hufika afisini kabla ya karani wala hapana anayeuandikia saa ya kuingia.

Yafaa niieleze kwa insafu kabla ya kuipinga, kwa kuwa wanaoishikilia si wapumbavu. Wasema kwamba saa peke yake haina maana, kwa sababu mtu aweza kuegemea mpini wa jembe kutwa nzima na bado akaandikiwa saa nane; na kwamba kazi peke yake nayo haitoshi, kwa sababu mtaro wa mita mia uliochimbwa na watu watatu kwa siku mbili si sawa na uliochimbwa na watu kumi kwa juma zima. Basi saa zigawanywe kwa kazi, na hapo tutapata mambo matatu tuliyoyakosa siku zote: gharama halisi ya kila hatua, utabiri wa siku ya kumaliza, na ujira wa haki kwa kila mtu kwa kadiri ya jasho lake. Hoja imepangika vizuri. Nitaifuata dai kwa dai.

1. Kwamba jambo hili ni jipya

Wauzaji wa programu hizi huzungumza kana kwamba Bonde la Ufa halikuwahi kumwona mtu akihesabiwa siku zake. Walowezi wa nchi hii walikwisha kuyaunganisha madaftari haya mawili kabla baba zetu hawajaota ndevu, tena kwa ustadi ambao simu haijaufikia. Kibarua wa mashamba alipewa kadi ya siku 30. Kila asubuhi alipimiwa ngwe yake, iwe ya palizi, iwe ya kukata mkonge, iwe ya kuchuma pareto. Na jioni kadi ilitiwa alama iwapo tu ngwe imekwisha. Aliyebakiza kipembe cha ngwe kwa sababu ya mvua, au homa, au kwa sababu mnyapara aliyeipima alikuwa na miguu mirefu, hakuandikiwa nusu ya siku wala robo yake: hakuandikiwa kitu. Siku aliyoiamkia kabla ya jua, akaimaliza akiwa na malengelenge viganjani, kwa hesabu ya mwajiri haikuwako. Ndiyo maana siku 30 za kadi ziliweza kuenea hata zikapita mwezi wa kalenda kwa majuma, na mshahara ulioitwa wa mwezi ukawa mshahara wa mwezi na zaidi.

Tazama jinsi kadi ile ilivyokuwa kamili. Saa na kazi zilikuwa alama moja ya kalamu; hapana anayeweza kuziunganisha zaidi ya hapo. Walakini haikumwambia mwenye shamba mtu wake alitaabika muda gani, wala haikumwambia palizi ilikuwa nzuri au mbovu. Kilichoandikwa pale ni matakwa ya mnyapara tu, yakajiita siku. Na mwenye shamba, akiwa na hesabu zisizo na doa, aliendelea kulalamika kwamba kazi hazendi, na dawa aliyoiona ni kuongeza siku: maskwota, ambao kwa sheria ya mwaka 1918 walitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka, wakaja kudaiwa siku 240, na mahali pengine 270, baada ya sheria ya mwaka 1937 kuyapa mabaraza ya walowezi mamlaka ya kupanga. Hesabu iliposhindwa kueleza kwa nini kazi ni mbaya, ilitumiwa kuagiza kazi mbaya kwa wingi zaidi.

Olenguruone yenyewe ilionja kipimo cha namna hii. Serikali ilipoanza kuwaleta hapa, mwaka 1941, Wakikuyu waliotolewa katika ardhi ya Wamaasai, ilileta pamoja nao kanuni za ukulima: ukubwa wa shamba una mpaka, mazao yafuate mzunguko uliopangwa, mteremko ulimwe hivi na usilimwe vile, na maafisa wapite kutazama nani ametii. Utiifu ukapimwa kwa bidii. Lakini jadweli za maafisa hazikuwa na safu ya lile lililokuwa likitendeka majumbani, yaani kiapo cha umoja walicholishwa wanaume, na wanawake, na hata watoto, cha kukataa ardhi ile igeuzwe hisani yenye masharti ilhali wao waliihesabu kuwa fidia ya mashamba waliyokwisha kunyang'anywa. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengi wakapelekwa Yatta, kwenye ukame. Serikali ilimjua kwa jina mtu asiyefuata mzunguko wa mazao. Haikujua kwamba ugomvi haukuwa juu ya mazao.

2. Kwamba mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja

Hii ndiyo nguzo ya rai yote, nami naikubali neno kwa neno: mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja. Lakini kadhi yeyote wa Mombasa atakuambia sharti lake, kwamba wawili hao wasikae baraza moja wakapatanisha maneno kabla ya kuitwa. Wakishapatana ni shahidi mmoja mwenye vinywa viwili, na ni hatari kuliko mmoja aliye peke yake, kwa kuwa huyu wa peke yake angalau hutiliwa shaka.

Daftari la saa na taarifa ya kazi ni mashahidi wa namna hiyo. Thamani yao imo katika kutofautiana. Ikiwa mahudhurio yasema watu kumi na wawili walifika siku tano, na mtu mwingine, asiyeliona daftari hilo, akaupima mtaro akakuta mita thelathini tu, basi tofauti ile ni habari kubwa: labda kuna mwamba, labda kuna majina hewa, labda mabomba hayajaletwa na watu wameketi wakiyangoja. Tofauti humfanya mwenye mradi ainuke kitini. Sasa yatie mambo haya mawili katika fomu moja, mkononi mwa karani mmoja, na programu inayowaka rangi nyekundu kila saa zisipolingana na asilimia ya kazi, kisha utazame kinachofuata.

Nilipata kuketi chini ya bati la bohari ya mradi mmoja wa maji, ambao sitautaja, mvua ya Mau ikipiga juu yetu hata hatusikilizani, nikimtazama karani akijaza taarifa ya juma. Alikuwa kijana hodari, mwenye mwandiko mzuri na simu iliyopasuka kioo. Kazi zilikuwa tatu katika fomu yake: kuchimba mtaro, kulaza mabomba, kufukia. Siku mbili za juma lile hapana kilichofanyika, kwa kuwa mtaro ulikuwa umejaa maji na vibarua walishinda kutwa wakiyateka kwa ndoo; na kuteka maji hakukuwa na nafasi katika fomu. Akazigawa zile saa: kidogo kwa kuchimba, kidogo kwa kufukia. Programu ikawaka. Akapandisha asilimia ya kufukia kutoka 40 hadi 55. Ikatulia. Nikamwuliza kama wamefukia kweli.

"Mzee," akasema bila kuinua kichwa, "hii ikikaa nyekundu napigiwa simu kutoka Nakuru. Ikiwa kijani, hakuna mtu anauliza."

Hapana aliyeiba hata senti. Hapana aliyelala kazini. Kinyume chake, vibarua wale walikuwa wamelowa hadi mifupani kwa kazi ngumu kuliko ile waliyoandikiwa. Lakini jambo moja lililofaa kujulikana na mhandisi, kwamba mtaro ule wapitia mahali penye chemchemi na yapasa ugeuzwe njia, lilikuwa ndilo hasa lililofutwa ili hesabu zilingane. Wenye rai hii wanadhani mfumo wao hufichua uongo. Mimi niliuona ukimfundisha mtu mkweli namna ya kusema uongo nadhifu, tena kila Ijumaa, tena kwa hofu ya simu.

Watajibu kwamba hiyo ni taksiri ya fomu, na dawa ni kuongeza safu ya nne. Basi iongezwe. Juma lijalo gari la changarawe litakwama njiani, tuongeze ya tano. Kisha mmoja atafiwa na wenzake wataenda kuzika, tuongeze ya sita. Mwisho wa njia hiyo ni fomu kubwa kama dunia, na karani anayeijaza kutwa, na mtaro usio na mtu.

3. Kwamba kazi huenda kwa mwendo wa saa

Ili saa zigawanywe kwa kazi, yapasa kwanza iaminiwe kwamba kazi huenda mbele sawasawa kadiri saa zinavyoongezeka, na kwamba asilimia 90 ya kazi maana yake imebaki asilimia 10 ya muda. Yeyote aliyejenga hata choo ajua ilivyo. Asilimia 90 ya mwanzo huenda. Ile 10 ya mwisho, yenye mwamba, na bomba lisilooana na mwenzake, na jirani anayedai mpaka umesogezwa, hula muda uleule mara ya pili. Mradi waweza kukaa "asilimia 90" tangu Pasaka hadi Krismasi, na kila juma saa mpya zikaandikwa chini yake kwa uaminifu mkubwa.

Na jambo hili si la wachimba mitaro peke yao. Fred Brooks, Mmarekani aliyesimamia utengenezaji wa programu kuu ya kompyuta za System/360 za kampuni ya IBM, aliandika kitabu mwaka 1975 kueleza kwamba kupima kazi kwa hesabu ya watu kuzidisha miezi ni kujidanganya, na kwamba ukiongeza watu katika kazi iliyochelewa utaichelewesha zaidi, kwa kuwa wageni hufundishwa na walewale waliokuwa wakifanya kazi. Imepita miaka hamsini. Ajabu ni kwamba rai aliyoipinga yeye sasa yauzwa kwetu ndani ya programu za kompyuta.

Mwenye kushuka kutoka hapa kwenda upande wa Kiptagich hupita katika mashamba ya chai, na huko lipo somo ambalo wenye semina hawajalifikia. Mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo. Anachuma majani mawili na ncha, anajaza kikapu, anapeleka kituoni, anapimiwa, anaandikiwa. Hapana amwulizaye ameanza saa ngapi. Masika yakinyesha vizuri, chai huchipua upesi na kikapu hujaa mapema. Ukija ukame wa Januari na Februari, au mvua ya mawe ikipiga shamba usiku mmoja, mikono ileile, yenye ustadi uleule, hurudi na kikapu nusu. Sasa mletee mchumaji huyo saa ya kuandika, ugawanye kilo zake kwa saa zake, uchore mstari. Mstari utapanda na kushuka mwaka mzima, na kila utakachokisoma ndani yake kitakuwa habari za mawingu. Lakini jina lililo juu ya mstari litakuwa lake, si la mawingu. Na siku ya kupunguza watu hapana atakayeyaita mawingu afisini.

4. Kwamba kuandika hakugharimu kitu

Waulize walimu. Tume ya Huduma ya Walimu ilianzisha mwaka 2016 mtindo wa kuwatathmini walimu uitwao TPAD, ambao ndani yake umo unganisho hilihili: vipindi vilivyohudhuriwa upande mmoja, hatua za ufundishaji na malengo ya mwalimu upande wa pili, na vielelezo vya kuthibitisha yote. Rejista ya vipindi hutiwa mkononi mwa mwanafunzi, katibu wa darasa, aandike mwalimu ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Yaani mtoto aliyepelekwa shule ili afundishwe amepewa kazi ya kumlinda anayemfundisha, na kazi hiyo nayo huifanya katika muda wa kufundishwa.

Mwalimu wa shule ya mlimani, ambako mtandao huja na kwenda na upepo, hungoja usiku, au hupanda mahali pa juu, au hulipa nauli ya bodaboda hadi sokoni, apate kupakia ushahidi kwamba alikuwa darasani. Saa hizo za kupakia ziandikwe wapi? Si kipindi, si maandalizi, si mapumziko. Mfumo unaodai kuhesabu kila dakika ya mtu umesahau kuhesabu dakika unazozila wenyewe, nao ndio mlaji mkubwa kupita wote. Na kama saa hizo hazikuibwa kutoka usiku wa mwalimu, basi ziliibwa kutoka kwa yule mtoto wa nyuma ambaye angeketi naye dakika kumi baada ya kengele, kumweleza sehemu na desimali, jambo lisilo na safu popote.

Kwa hakika hapo ndipo hasara kubwa ilipojificha. Kazi njema imejaa vitendo visivyo na safu: fundi mzee kumwonyesha kijana jinsi ya kushika patasi, kibarua kuacha ngwe yake ili amsaidie mwenzake kuinua jiwe, karani kumtuliza mama aliyekuja kugomba. Kila kimoja, katika mfumo uliounganishwa, ni saa iliyotumika bila asilimia kupanda. Mwenye kusaidia huonekana mvivu, na mwenye choyo huonekana shujaa, na hesabu zote mbili ni sahihi.

5. Kwamba ni haki kwa mfanyakazi mwenyewe

Dai hili ndilo la kuudhi kupita yote, kwa kuwa huletwa kwa sauti ya huruma. Ati mfanyakazi hodari atalindwa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua wa kutwa akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi, au akipewa kazi isiyoweza kutarajiwa kumalizika katika jumla ya miezi mitatu, ajira yake haihesabiwi tena kuwa ya kutwa. Yawa na hadhi nyingine, na kinga zake. Tazama basi ngao ya kibarua imetengenezwa kwa kitu gani. Imetengenezwa kwa siku: siku tupu, zilizoandikwa kwa sababu mtu alikuja na akawa chini ya amri ya mwajiri, si kwa sababu ngwe iliisha. Daftari la mahudhurio likisimama peke yake ni hati ya mnyonge. Likifungwa pamoja na taarifa ya kazi, kila siku yake yawa na mgogoro: ndiyo, ulikuja, lakini kazi haikusogea, basi tuiite nusu, basi tuiite kipande. Tumerudi kwenye kadi ya mlowezi kwa njia ya satelaiti.

Kwa hiyo sisemi saa zisiandikwe. Ziandikwe, na mwenye kuandikiwa apewe nakala. Wala sisemi kazi isipimwe. Ipimwe na mtu mwingine, mwenye viatu vya kutembea matopeni, asiyejua wala kuulizwa watu walifika saa ngapi. Aende Jumanne isiyotarajiwa, autazame mtaro, aongee na walio ndani yake. Mwenye mradi ayasome yote mawili kila moja kwa wakati wake, na yakipingana ashukuru, kwa kuwa amepata la kuuliza. Wataniambia kwamba njia hiyo ni ghali, yahitaji watu wawili mahali ambapo simu moja ingetosha. Ni kweli. Lakini simu ile moja nayo imelipiwa, na aliyelipa ni mhandisi ambaye hakuambiwa habari ya chemchemi.

Na wakisisitiza kwamba hawawezi kulala bila kuunganisha madaftari, basi nina mawili ya kuwapendekezea. Madeni ya makandarasi na wauzaji ambayo serikali za kaunti hazijayalipa yamekuwa kilio cha nchi nzima mwaka baada ya mwaka. Mkandarasi asipolipwa, fundi hulala na deni dukani, na kibarua huambiwa aje Jumatatu. Afisi inayoijua dakika kibarua alipoingia langoni haijui mwezi atakaopata ujira wake. Na lichukuliwe daftari la siku kazi ilipokabidhiwa, lichukuliwe na daftari la siku fedha zilipotoka, yaunganishwe hayo, mstari uchorwe, na jina la mwenye kutia sahihi hundi liandikwe juu yake kwa herufi kubwa. Rangi nyekundu ikiwaka, yeye ndiye apigiwe simu.